Daktari si ni daktari tu? Kwa nini anayemtibu mwanajeshi wa zamani anatakiwa kufundishwa zaidi

Kila habari za wanajeshi wa zamani wa Marekani zikija mtandaoni, iwe ni foleni za hospitali zao au ni sheria mpya imepita, mabishano hayachelewi kufika palepale, mmoja anauliza kwa nini wasiende hospitali yoyote iliyo karibu, mwingine anajibu hapana hao wana hospitali zao, halafu anakuja wa tatu anasema daktari ni daktari, mguu uliovunjika ni mguu uliovunjika, sasa afundishwe nini tena cha ziada? Hilo swali la wa tatu ndo nataka tukae nalo leo. Sio swali la kijinga hata kidogo, na nimeona watu wengi wanalijibu kwa hasira tu bila kueleza.

Tuanze na neno lenyewe maana Kiswahili chetu hapa kinatuponza. Ukisema "mwanajeshi mstaafu" kichwani inakuja picha ya mzee ana pensheni yake, na ukisema "mkongwe wa vita" ndo kabisa, unamuona babu mwenye mkongojo na medali kifuani. Kwa Wamarekani anayeitwa veterani ni mtu aliyetumikia jeshi kwa ajira kamili halafu akatoka bila kufukuzwa kwa aibu, basi. Anaweza kuwa kaingia na miaka 18 katoka na 22, pensheni ya jeshi hana kwa sababu kawaida inataka utumishi wa miaka 20. Anaweza kuwa dada wa miaka 30 aliyekuwa fundi wa helikopta, au karani wa stoo ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa vita maisha yake yote. Mimi humu nitasema "mwanajeshi wa zamani", na ukilisoma naomba usimuone babu.

Neno la pili ni VA. Hiyo ni wizara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na hawa watu, na ina mtandao wake wa hospitali na kliniki. Hapa ndo penye dhana ya kwanza isiyo sahihi, watu wanaamini kila mwanajeshi wa zamani anatibiwa VA. Wanajeshi wa zamani wako kama milioni 18 na waliojiandikisha kwenye matibabu ya VA ni kama milioni 9, yani nusu hivi. Waliobaki wanatibiwa kama raia mwingine yeyote kwa bima ya kazini au bima nyingine. Na hata hao waliojiandikisha, tangu sheria iitwayo MISSION ya mwaka 2018, wanaweza kupelekwa kwa daktari wa nje na VA ikalipa, kwa mfano kama kituo cha VA kwa daktari wa kawaida kiko zaidi ya wastani wa dakika 30 kwa gari, au kama miadi inapatikana baada ya zaidi ya siku 20. Kwa hiyo yule daktari wa kawaida, yule nesi wa zahanati, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye hajawahi hata kuingia kambi ya jeshi, anawatibu hawa watu kila wiki, na mara nyingi hajui kama anawatibu.

Sasa kwa nini ajue? Fikiria fundi wa magari. Yanakuja magari mawili, aina moja, mwaka mmoja, rangi moja. Moja limetembea lami tu, lingine limepigishwa miaka minne kwenye mchanga na mashimo na mizigo mizito. Fundi mzuri kabla hajafungua boneti anauliza hili gari limetembea njia gani? Sio kwa sababu injini ni tofauti, injini ni ileile, ila anajua pa kuchungulia kwanza. Mafunzo tunayoyazungumzia ni hayo. Hakuna anayemfundisha daktari mwili mpya wa binadamu, anafundishwa kuuliza njia, halafu ajue jibu lina maana gani.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna. Ukimuuliza mtu "wewe ni veterani?" wengi watakwambia hapana, na hawadanganyi. Wanawake wengi husema hapana kwa sababu neno hilo wamezoea linaitiwa wanaume. Aliyekuwa kikosi cha akiba au Walinzi wa Taifa (National Guard, askari wa akiba wa majimbo) anasema hapana kwa sababu anaona hakwenda vitani, na aliyekwenda lakini hakupigwa risasi naye anaona jina hilo ni la wenzake waliorudi kwenye majeneza. Ndo maana wauguzi wa American Academy of Nursing walianzisha kampeni nzima iliyosimama juu ya swali moja tu, "umewahi kutumikia jeshi?" Umewahi. Kubadilisha maneno mawili matatu kunabadilisha jibu, na kuna watu waliokaa na daktari mmoja miaka mingi bila kuulizwa hivyo.

Akishasema ndiyo, maswali yanayofuata ni lini, wapi, na ulikuwa unafanya kazi gani. Hapa ndo elimu yenyewe ilipo na naomba tuende taratibu.

Lini. Mtu aliyekuwa Vietnam anaweza kuwa aliguswa na Agent Orange, dawa ya kuua majani ambayo jeshi la Marekani lilinyunyizia misitu kuanzia 1962 hadi 1971, jina limetokana na mstari wa rangi ya chungwa kwenye mapipa yake. Ndani yake kulikuwa na sumu ya dayoksini. Leo mzee huyo ana kisukari cha aina ya pili, au Parkinson, ule ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka, au saratani ya tezi dume, na daktari asiyejua anaona ni uzee tu. VA inayahesabu magonjwa hayo kuwa yametokana na jeshi bila mgonjwa kulazimika kuthibitisha kwamba dawa ile ndo iliyomdhuru, inatosha alikuwepo mahali na wakati unaotakiwa. Aliyekuwa Iraki au Afghanistan baada ya 2001 ana habari nyingine, kule kulikuwa na mashimo makubwa ya kuchomea taka, plastiki, betri, rangi, takataka za hospitali, vyote vinachomwa wazi na moshi unaingia kwenye mahema watu wanamolala. Sheria ya PACT ya mwaka 2022 iliingiza magonjwa mengi ya kifua na saratani kadhaa kwenye orodha ya yanayohesabiwa yametokana na jeshi kwa hao, na kwa wale wa Vietnam ikaingiza shinikizo la damu. Kwa hiyo kijana wa miaka 38 asiyevuta sigara anayekuja na pumzi fupi isiyoeleweka, swali la lini na wapi linaweza kukuokolea miezi ya kutafuta.

Wapi. Hili linaua ile dhana kwamba kama hakwenda vitani hana kitu. Kambi ya Camp Lejeune iko North Carolina, ndani ya Marekani kabisa, hakuna adui. Kuanzia Agosti 1953 hadi Desemba 1987 maji ya kunywa ya kambi ile yalikuwa na kemikali za viwandani, zikiwemo benzini na za kusafishia vyuma na nguo. Walikunywa askari, walikunywa wake zao, watoto wao walioga nayo. Leo waliokaa pale siku 30 au zaidi na wakaugua saratani ya figo, ya ini, ya kibofu, leukemia (saratani ya damu) au Parkinson, VA inawatambua kuwa wameugua kwa sababu ya jeshi. Mtu huyo akija kliniki hana kovu hata moja na hajawahi kurusha risasi, na ukimuuliza "ulipigana?" atasema hapana na mazungumzo yataishia hapo, kumbe jibu lilikuwa mlangoni.

Kazi gani. Aliyekuwa akirusha mizinga au akifyatua roketi za begani anaweza kuwa amepigwa na mawimbi ya mlipuko mara mamia, hata mazoezini, bila kuzimia hata siku moja. Kichwa kinauma, anasahau, hasira za haraka, usingizi hakuna. Milio ya masikioni ndiyo ulemavu unaolipwa fidia na VA kwa watu wengi kuliko mwingine wowote, ni kitu kidogo ukikisikia lakini jaribu kulala na filimbi sikioni miaka 20.

Sasa tuje kwenye utamaduni. Daktari anaweza kujua kemikali zote hizo na bado akashindwa hapa. Jeshini umefundishwa kazi kwanza wewe baadaye, usiwe mzigo kwa wenzako, na ukilalamika sana unaweza kuondolewa kwenye kikosi wakati wenzako wanaondoka. Halafu kule daktari wa jeshi katika mazingira fulani anaweza kumwambia kamanda kuhusu afya yako, kwa hiyo unajifunza kupima maneno. Mtu huyu anatoka jeshini lakini mazoea hayatoki. Unamuuliza maumivu ni kiasi gani kutoka moja hadi kumi, anakwambia tatu, huku hawezi kufunga kamba za viatu. Waliofundishwa hawaishii kwenye namba, wanauliza nini ulikuwa unafanya mwaka jana ambacho sasa huwezi? Na mwanzoni kabisa wanamueleza siri yake inaishia wapi, nani ataona faili lake na nani hataliona, kwa sababu hilo ndo swali ambalo yeye hataliuliza na asipojibiwa hatafunguka.

Kuna vitu vidogo pia. Mwache achague kiti, wengi hawataki kukaa wameupa mlango mgongo. Ukichelewa mwambie umechelewa, huyu amefundishwa kwamba dakika kumi kabla ndo muda wenyewe. Kuhusu kumwambia asante kwa utumishi wako, wapo wanaofurahi na wapo wanaojisikia vibaya sana, kwa hiyo msikilize kwanza. Na kuna swali moja ambalo kila kozi ya aina hii inalikataza, "umewahi kuua mtu?" Watu wanaliuliza, hata watu wa afya wanaliuliza, kwa udadisi tu. Tafadhali.

Twende kwenye PTSD, maana hapa mtandao umepotosha kuliko kote. Ni ugonjwa wa msongo unaobaki baada ya kiwewe, yani baada ya tukio la kutisha kupita mwili unaendelea kuishi kana kwamba halijapita. Kama umewahi kuibiwa usiku utaelewa haraka. Mmeweka nondo mpya, mmebadilisha kufuli, miezi inapita, lakini kila paka akiruka bati wewe uko macho, moyo unapiga, na hata mwenzako akikwambia ni paka bado unasubiri. Kichwa chako hakijaharibika, kimejifunza somo moja vizuri mno na kimekataa kulisahau. Vitani somo hilo lilikuwa linaokoa maisha. Tatizo linaanza pale ukiwa sokoni na watoto wako na mwili bado uko kwenye barabara yenye mabomu.

Je, wote wanao? Hapana. Kwa takwimu za VA yenyewe, katika wanajeshi wa zamani kwa ujumla ni kama 7 kati ya 100 wanaopata PTSD katika maisha yao, na kwa watu wazima wa Marekani kwa ujumla ni kama 6 kati ya 100. Waliopigana Iraki na Afghanistan wako juu zaidi, lakini wengi wao pia hawana. Daktari anayedhani wote wana PTSD anakosea sawa na yule asiyeuliza kabisa, maana mtu anakuja na tezi ya shingo imezidi kufanya kazi, moyo unakimbia na halali, anaambiwa ni vita hiyo, kumbe ni homoni. Na hofu kwamba ni watu hatari ndo inayowafanya waajiri wawakwepe na wao wenyewe wafiche.

Kitu kingine kisicho kweli ni kwamba haitibiki. Inatibika. Jina PTSD liliingia kwenye kitabu rasmi cha magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 1980, na tangu hapo zimepatikana tiba za mazungumzo zenye ushahidi mzuri. Moja aliitengeneza mwanasaikolojia Edna Foa, mgonjwa anasaidiwa kulirudia tukio kwa mpangilio, kidogo kidogo, mpaka kumbukumbu inapoteza meno yake. Nyingine ni ya mwanasaikolojia mwingine, Patricia Resick, kwa kawaida vikao 12, mgonjwa anachambua zile imani zilizokwama kama "ningegeuka kushoto mwenzangu asingekufa". Mwongozo wa VA na wizara ya ulinzi wa mwaka 2023 unaziweka tiba za namna hii mbele ya vidonge, na unashauri vile vidonge vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepamu visitumike kutibu PTSD. Sasa fikiria daktari asiyejua, mtu kamwambia halali anastuka usiku, anamwandikia hivyohivyo. Kwa nia nzuri kabisa.

Na tiba hizi hazijifunzwi kwa kuangalia video ya saa moja halafu ukaprinti cheti. VA ilipoanza kuzisambaza kwa wataalamu wake, miaka ya 2006 na 2007, mtindo ulikuwa siku chache za darasani, halafu miezi ya kutibu wagonjwa halisi huku mshauri mzoefu anakufuatilia kesi kwa kesi. Hapo ndo penye gharama na ndo penye ugumu kwa mtaalamu wa nje, nani atamlipa muda huo? Shirika la utafiti la RAND mwaka 2014 liliwapima wataalamu wa afya ya akili wa kiraia, likaangalia wanaoelewa maisha ya jeshi na pia wamefunzwa tiba zenye ushahidi. Waliofikia vyote walikuwa asilimia 13. Kumi na tatu tu! Mtu anaweza kusema mbona VA inasema karibu asilimia 70 ya madaktari wa Marekani wamepitia hospitali zake wakiwa masomoni, ni kweli, ushirika huo na vyuo vya udaktari umeanza 1946, lakini wengi walipita pale kujifunza kupasua tumbo au kupima moyo. Kumshona mwanajeshi jeraha sio sawa na kufundishwa kumuelewa.

Kuna maumivu mengine ambayo sio PTSD na yanachanganywa nayo. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyefanya kazi Boston na watu wa Vietnam, ndo aliyelipa umaarufu wazo la jeraha la dhamiri. PTSD mzizi wake mara nyingi ni hofu, hili mzizi wake ni hatia na aibu, mtu alifanya kitu, au alikiona akanyamaza, au mkubwa wake alimsaliti, na kinapingana na anachoamini. Mtu huyu ukimwambia "haikuwa kosa lako" haraka haraka unamfunga mdomo, kwa sababu kwa mizani yake yeye lilikuwa kosa. Wanaofundishwa wanafundishwa kukaa kimya muda mrefu kuliko walivyozoea.

Halafu kuna ukatili wa kingono ndani ya jeshi lenyewe. Wagonjwa wa VA wakiulizwa, mwanamke 1 kati ya 3 anasema ulimpata, na mwanaume 1 kati ya 50, na kwa kuwa wanaume jeshini ni wengi mno idadi yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. VA inawatibu bure yaliyotokana na hilo hata kama hawakuripoti popote na hawana karatasi hata moja. Hii inamhusu daktari wa meno na daktari wa uzazi kuliko mwanasaikolojia, kumlaza mtu chali, kusimama nyuma ya kichwa chake, kumshika bila kusema. Kumwambia kwanza unachotaka kufanya na kwamba akisema simama unasimama ni sekunde kumi.

Na la mwisho ni zito. Mwaka 2022 wanajeshi wa zamani 6,407 wa Marekani walijiua, wastani wa 17.6 kwa siku, sio 22 kama inavyosambazwa, ile namba ni makadirio ya zamani ya ripoti ya 2012 iliyotumia takwimu za majimbo 21. Zaidi ya 7 kati ya 10 walitumia bunduki. Wengi wanaogopa kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua wakidhani watamtia wazo, tafiti zinaonyesha sio hivyo, kuuliza hakupandi wazo. Kinachofundishwa ni kuuliza kwa maneno yenyewe bila kuzungukazunguka, halafu kuzungumza kuhusu bunduki bila kumhukumu wala kutishia kumnyang'anya, kwa sababu ile hali kali mara nyingi inakuja na kupita ndani ya muda mfupi, na kufuli, sefu, au rafiki wa kumtunzia kwa muda vinanunua huo muda. VA inatoa kufuli za bunduki bure. Na kwa aliyeko Marekani kuna laini ya dharura saa 24, unapiga 988 halafu unabonyeza 1, na huhitaji kuwa umejiandikisha VA.

Watu wameniuliza, sasa kama daktari mwenyewe hajapewa kozi yoyote, ndugu yangu aliyetumikia afanye nini? Asisubiri kuulizwa. Aandike kwenye karatasi mistari mitatu, alitumikia lini hadi lini, alikaa wapi na wapi, kazi yake ilikuwa ipi, na kama alikaa karibu na mashimo ya moshi au milipuko aandike hivyo, halafu aombe karatasi hiyo iingie kwenye faili, isibaki mkononi mwa daktari wa siku hiyo. Daktari akisema hajui chochote kuhusu hayo mambo, huyo ni daktari mkweli, amuombe atafute.